Bunduki ya Mkunga

Karibu kila mtu wa rika langu pale kijijini kwetu alipigwa kofi lake la kwanza duniani na mwanamke mmoja. Alikushika miguu, akakuning'iniza kichwa chini, akakuzaba matakoni mpaka ukalia, kisha akakukabidhi kwa mama yako na kuagiza chai. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini ukilitaja pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, watu watakuuliza unamtafuta mgeni gani. Sisi tulimwita Mkunga, na yeye alituita kwa namna tulivyozaliwa.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, kwake alikuwa Tanguliza Matako. Mtendaji alikuwa Kelele. Mimi niliitwa Chelewa, kwa sababu nilimtesa mama yangu kutwa nzima na usiku wake kabla sijaamua kutoka, na Mkunga alishikilia kwamba sikubadilika. Nina duka dogo la pembejeo kando ya njia, na shamba langu linapakana na lake. Asubuhi nikichelewa kufungua, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, fimbo magotini.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Tangu tumboni, Chelewa. Tangu tumboni!"

Kwa hiyo pale kwetu hakukuwa na mkubwa. Utajifanyaje mkubwa mbele ya mtu aliyekuona umekunjamana kama michembe ya viazi vilivyoanikwa juani? Nimewahi kumwona Mwenyekiti akimfokea mvuvi mmoja hadharani, akatokea Mkunga, akasimama tu na kumtazama kiunoni, na hotuba ikaisha.

Wapo watu wenye ulimi mkali ambao ukiwachunguza utakuta nusu ya maneno yao ni chumvi. Mkunga hakutia chumvi. Alikuwa mwanakanisa wa ile shule ya zamani, ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo. Mtoto akizaliwa na sura ngumu, na wajomba wakasimama mlangoni kuuliza kama ni mzuri, yeye alijibu, "Ana afya." Ukisikia "ana afya," ulishajua. Kwenye msiba wa jirani mmoja aliyekuwa mlevi na mgomvi, walimwomba aseme neno jema juu ya marehemu. Alisimama, akafikiri mpaka watu wakaanza kukohoa, akasema, "Alikuwa mrefu," akaketi. Mtu wa namna hiyo inabidi umsikilize neno kwa neno. Sisi hatukuwa na tabia hiyo.

Mikono yake nayo ilikuwa na masharti. Hakuwahi kuchinja hata kuku. Wageni wakija, alimleta kuku kwangu amemkumbatia, nimchinje mimi, na yeye akageukia ziwani mpaka shughuli iishe.

"Mikono hii kazi yake ni kupokea, ng'wanawane," alisema, maana alipokuwa na furaha alituita hivyo, mwanangu, kwa Kisukuma. "Kusindikiza wapo wengine."

Kisha alirudi kwake na huyo kuku, akamla mpaka akavunja mifupa. Nilimwambia siku moja kwamba huo ni unafiki. Akasema hapana, ni mgawanyo wa kazi.

Kupika ndiko kulikokuwa fahari yake. Penye msiba au harusi yeye ndiye aliyesonga ugali wa sufuria kubwa, ule wa kulisha umati, kwa mwiko wake wa mninga uliomfika kifuani. Alichongewa na baba wa mapacha ambaye hakuwa na kitu kingine cha kumshukuru. Akina mama wa siku hizi wanasongea miko ya kununua mjini, nayo huvunjika kabla wageni hawajanawa mikono.

Shamba lake lilikuwa zuri kwa macho na baya kwa amani. Mbele ziwa, nyuma yale mawe yetu makubwa yaliyopandana, katikati majaruba ya mpunga, mahindi kidogo, viazi, na zizi la mbuzi. Kila upande ulimletea mwizi wake. Kutoka ziwani alipanda kiboko kuja kula mpunga, na kenge kuja kuiba mayai ya bata. Kwenye mawe walikaa tumbili. Juu alizunguka mwewe. Na huko vichakani, nyuma ya yote hayo, alikuwako fisi.

Mkunga alipambana nao kwa akili, na akili zake hazikuwa za kawaida. Kenge alimtegea yai alilolitoboa na kulijaza pilipili kichaa. Tulimwona kenge huyo mchana kweupe akikimbilia ziwani kwa mwendo ambao hatukujua kenge wanao. Tumbili aliwasimamishia sanamu mahindini, akaivika gauni lake jeupe la zahanati na kuiwekea bomba la sindano mkononi. Tumbili waliizoea ndani ya wiki. Watoto wa shule hawakuizoea kamwe, na mahindi ya upande wa njia yakapona. Kwa kiboko hakujisumbua. "Kiboko ni mtumishi wa serikali," alisema. "Anashtakiwa kwa mwajiri wake." Akampigia simu bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, ambaye alikuja kila alipoitwa kwa sababu palikuwa na chai.

Fisi peke yake ndiye aliyemshinda. Mbuzi walianza kupotea mmoja mmoja. Usiku mbuzi yupo, asubuhi hayupo, hakuna damu, hakuna hata unyoya wa mkia. Na hapo ndipo wanawe walipopata sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Alikuwa na wana wawili, wote Mwanza mjini. Mkubwa ni mkandarasi, na huko Buswelu alikuwa amemjengea mama yake chumba chenye vigae na choo cha ndani. Mkunga alikaa humo wiki moja, akarudi.

"Dirisha linatazama ukuta," alituambia. "Na ukuta unatazama dirisha. Nikawaacha watazamane."

Lakini mbuzi walipoendelea kupotea, yule mkubwa alikuja akasimama katikati ya uwanja na kutoa hukumu yake. Nilikuwepo.

"Leo mbuzi, kesho wewe. Ama uwe na bunduki, mama, ama uhame. Bila bunduki hukai hapa. Tukivuna mpunga, nakuja na Fuso kukuhamisha."

Alisema bunduki kama vile mtu angesema mabawa. Kwamba mama yake angeweza kweli kwenda kuitafuta, hilo hakulifikiria. Mkunga aliyatazama majaruba, akayatazama mawe, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa. Si fisi aliyemwogopa, ni ule ukuta wa Buswelu.

"Sawa," akasema. "Nitachagua."

Na alichagua kwa namna watu wa zamani walivyochagua mke wa kijana wao, kwa kuuliza ukoo, tabia na magonjwa. Bwana nyama alipokuja kwa shauri la kiboko, alipewa chai na matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, akabanwa.

"Ile bunduki ya risasi moja moja, ya kupiga mbali," Mkunga akaanza. "Ina tabia gani?"

"Hiyo ndiyo inapiga mbali kweli, mama. Ukimkosa fisi, yenyewe haisimami. Inaenda hadi kwa mtu usiyemwona."

"Na haya mawe?"

"Mawe ndo mabaya zaidi. Ikigonga jiwe inageuka, hujui inarudi kwa nani."

"Nikipiga kuelekea ziwani?"

"Maji nayo yanairusha. Na kule kuna wavuvi."

Mkunga aligeuka polepole, akatazama pande zote za shamba lake. "Kwa hiyo kila upande nina mtu niliyempokea kwa mikono yangu."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Hiyo hapana. Kunywa chai."

Fundi mmoja wa vyuma alipata habari, akaja kwa kunong'ona kumwambia kwamba anaweza kumtengenezea gobole, hakuna haja ya kusumbua serikali. Mkunga akamshika mkono, akaugeuza juu chini.

"Vidole vyako vingine viko wapi?"

"Ah, ile ilikuwa bahati mbaya tu, Mkunga. Lilinilipukia."

"Mimi nilikupokea na kumi. Nilihesabu."

Fundi akaaga. Mtu mwingine akamsifia bunduki ya upepo, ile ya kupigia ndege, bwana nyama akasema kwa fisi itakuwa ni kumkuna mgongo. Ikabaki bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi kwa pamoja na haiendi mbali. Ili aione kwa macho, akanivuta twende Nyamagana, huko Mwanza mjini, kwenye duka lenye nondo dirishani.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na subira. Aliifungua bunduki, akatuonyesha kwamba ni tupu, akailaza mezani. Mkunga hakuishika kama watu wanavyoshika bunduki. Alipitisha mkono mmoja chini, mwingine akaupeleka kule mwisho kana kwamba kuna shingo ya kukingwa, akaipandisha na kuishusha kidogo, macho yamefumbwa.

"Kilo tatu na robo."

Kijana akatafuta karatasi ya dukani, akasoma, akamtazama upya. "Ni kweli kabisa, mama."

"Ana afya," Mkunga akasema, nami nikalazimika kugeukia ukutani. "Hiki ndicho kitako?"

"Ndiyo, mama. Kitako kinakaa begani. Ukishafyatua kinarudi nyuma kwa nguvu, kwa hiyo usilegeze."

"Kumbe anatanguliza kitako." Akanigeukia. "Kama Mwenyekiti."

Halafu akauliza maswali yake. Marisau yanasambaa? Yanasambaa, mama, ndiyo faida yake, karibu humkosi. Fisi akiwa katikati ya mbuzi? Kijana akajikuna shingo, akasema hapo inabidi usubiri fisi atoke. "Nitamwomba," Mkunga akajibu. Na bunduki inalala wapi? Kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na risasi zake zinafungiwa kwingine.

"Kwa hiyo fisi akija," akasema Mkunga, "natafuta ufunguo, nafungua kabati, natafuta ufunguo wa pili, nafungua risasi, halafu natafuta miwani."

"Ndo utaratibu, mama. Ni kwa usalama."

"Ni utaratibu mzuri. Na fisi ameambiwa?"

Tulitoka pale kijana akiwa anafuta machozi. Njia nzima ya kurudi Mkunga aliitazama mikono yake tu. Lakini Fuso lilikuwa linakuja, na mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Kesho yake akapeleka maombi kijijini, maana hapo ndipo safari ya bunduki inapoanzia. Watu wanaokujua waseme kwanza kama wewe ni mtu wa kukabidhiwa silaha, ndipo maombi yapande ngazi.

Kamati ya ulinzi na usalama ilikaa kwenye darasa la shule. Alikuwepo Tanguliza Matako, alikuwepo Kelele, alikuwepo mjumbe mmoja wa makamo mwenye genge la nyama choma pale mwaloni, na mimi niliitwa kama jirani. Mkunga aliketi kwenye dawati la wanafunzi, miguu haigusi chini.

"Tunajua tabia yako, Mkunga," Mwenyekiti akaanza kwa sauti ya kikao. "Lakini utaratibu unataka tukuulize. Unataka bunduki ya nini?"

"Ya fisi."

Kelele akaandika. Jambo lilikuwa karibu kupita. Ndipo mjumbe wa nyama choma aliponyoosha mkono.

"Fisi yupi, Mkunga? Wa porini, au wa mtu?"

Msomaji wa kwetu Usukumani hahitaji kuelezwa zaidi, lakini huenda unasoma ukiwa mbali. Kwetu inasemekana wapo fisi wa Mungu, wanaojitembelea, na wapo fisi wenye wenyewe. Hao wanafugwa kwa siri, wanatumwa, na wengine husemwa kwamba wanapandwa kabisa kama baiskeli. Ukimjeruhi fisi wa mtu, asubuhi utamwona jirani fulani anachechemea, na hapo umekwisha wewe, si yeye. Wajumbe wote wale walikuwa wamesoma, wengine mpaka vyuo. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mimi fisi namjua kwa meno," Mkunga akasema. "Sijawahi kumuuliza baba yake."

"Sipingi bunduki," mjumbe akaendelea, mnyenyekevu kabisa. "Ila haki ni haki. Mtu akiwa na mali yake, ikauawa bila yeye kuambiwa, si tutaleta kesi hapa? Mimi naona mwenye mali aarifiwe mapema, aifunge."

"Hilo nalo ni neno," Mwenyekiti akasema haraka, kwa faraja. "Basi tupige kula."

Kwetu r na l wanaazimana mashati, na mtu mmoja aliyekuwa anasinzia nyuma akazinduka na kuuliza chakula chenyewe kiko wapi. Kura ikapita hata hivyo. Maombi ya Mkunga yapande ngazi, kwa sharti kwamba mbiu ipigwe kwanza, wenye fisi wapate nafasi. Nilimtazama Mkunga nikitegemea atawatukana. Alikuwa ametulia, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza kitu tumboni mwa mwingine.

Mgambo akapita na baiskeli na kipaza sauti, kitongoji kwa kitongoji, toka mwaloni mpaka kwenye mawe.

"Tangazo! Tangazo! Mkunga anachukua bunduki ya marisau, mitutu miwili! Mwenye fisi wake amfungie! Asije kesho akasema hakuambiwa!"

Tangu siku ile hakupotea mbuzi hata mmoja.

Siku zikapita, mpunga ukakatwa, zizi limejaa. Na pale mwaloni lile genge la nyama choma likaanza kuuza sato wa kukaanga. Nilimuuliza mwenyewe, akasema siku hizi nyama imekuwa adimu. Nilipompelekea Mkunga habari hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka langu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Chelewa," akasema alipopata pumzi, "fisi akiwa na mwenyewe, basi huyo mwenyewe ana masikio."

Wiki ile ile akaniaga kwamba anakwenda mjini kuchukua kitu. Safari hii hakutaka mtu wa kumsindikiza. Alirudi jioni na bodaboda, mgongoni amevaa mfuko mrefu wa turubai wenye mkanda wa ngozi, ule mfuko hasa wa kubebea bunduki, na alimwambia dereva apitie mwaloni polepole. Siku chache baadaye mfuko ule, sasa umejaa na kukakamaa, ulionekana begani mwake akizunguka mipaka ya shamba. Tukamjaa.

"Umeshachagua, Mkunga?"

"Nimechagua."

"Ipi?"

"Inayonifaa."

"Hebu tuione basi!"

Akaupiga mfuko kofi dogo. "Msiguse. Humo ndani ni mwiko."

Tukarudi nyuma wote, na wapo waliotikisa vichwa kwa heshima. Ni kweli, silaha si mchezo. Mimi mwenyewe nilikwenda dukani nikawaeleza wateja kwa kirefu kuhusu mitutu miwili.

Wanawe walipokuja kukagua, waliukuta mfuko umening'inia kwenye msumari juu ya kiti chake. Mkubwa alinyoosha mkono, akaambiwa neno lile lile, akaurudisha mkono kwenye suruali yake. Fuso halikuja. Tangu hapo kila walipomtembelea, vijana wale walianza kuimba pambio tangu barabarani, ili wasije wakadhaniwa ni fisi. Polisi kata naye alikuja kwa kazi yake, akaingia ndani na Mkunga, mlango ukafungwa. Alitoka anacheka peke yake, akapanda pikipiki, akacheka tena, na hakurudi kuuliza. Tulisema labda Mkunga alimweleza alivyozaliwa, ingawa mtu mwenyewe alizaliwa Bukoba.

Hakuna aliyewahi kusikia mlio. Hilo tulilihesabu kuwa sifa ya mlengaji. Fisi wa Mungu waliendelea kupita, nyayo tuliziona, lakini Mkunga alikuwa amelijenga upya zizi kwa mawe na kulizungushia miiba na waya aliyonunua kwangu, kama bwana nyama alivyomshauri, na alifuga mbwa wawili wasio na adabu. Fisi walinusa wakapita. Basi miaka ikaenda hivyo, Mkunga na mpunga wake, na mfuko wake, na ziwa lake mbele ya dirisha.

Mwaka jana macho yakaanza kumsaliti. Alinimiminia chai pembeni ya kikombe, kisha akanielezea.

"Ni mtoto wa jicho. Watoto wote nimewatoa, Chelewa. Huyu wa mwisho amekaa jichoni na hataki kutoka. Anakushinda wewe."

Habari zikafika Buswelu. Mwanawe mkubwa akaja mchana mmoja, safari hii bila pambio, akaniita niwe shahidi. Pale langoni tulimkuta mjumbe wa nyama choma, mzee sasa, amekuja kumpa Mkunga pole ya macho. Hakuingia ndani. Alibaki langoni akishughulika na kamba ya kiatu chake.

Ndani, mwana alikaa mbele ya mama yake.

"Mama, mtu asiyeona hawezi kukaa na silaha."

"Ni kweli."

"Na tulikubaliana. Bila bunduki hukai hapa."

"Ulisema hivyo. Nakumbuka."

"Basi leo naichukua niikabidhi polisi. Na Jumamosi nakuja na Fuso, nakuchukua wewe."

Roho iliniuma. Niliiona ile nyumba imefungwa kufuli, majaruba yameota nyasi, na ngazi ya duka langu haina mtu wa kunisema.

"Ichukue," Mkunga akasema. "Funga mlango kwanza."

Mwana akafunga mlango. Akautungua mfuko msumarini kwa mikono miwili, akaulaza mezani mdomo ukielekea ukutani, akaniashiria nisogee mbali nao, akafungua vifungo kimoja kimoja. Kisha akaingiza mkono na kuvuta.

Ulikuwa mwiko. Ule wa mninga, mweusi kwa mafuta ya mikono, na kwenye ufa mmoja karibu na ubapa ugali wa msiba fulani ulikuwa umekauka humo bado. Sikumbuki nani kati yetu alikaa kwanza.

"Mama. Bunduki iko wapi?"

"Bunduki gani?"

"Si ulisema umechagua?"

"Nilichagua."

"Ulituambia sote, ulisema..." Midomo yake ikacheza, akayarudia maneno taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuata herufi kwa kidole. "Humo ndani ni mwiko."

"Sijasema uongo hata siku moja," Mkunga akasema. "Nyie ndio wasikivu wabaya."

Mkandarasi akasimama, akaketi tena. "Miaka yote hii umekaa hapa bila bunduki?"

"Bila."

"Peke yako?"

"Na mbwa."

"Mama, ungeliwa!"

Mkunga akainua uso wake kuelekea sauti ilikotoka, macho yake yamefunikwa na ule ukungu.

"Nimeliwa?"

Mimi nilijifanya nasoma kalenda. Nilisikia kiti kikilia, nikageuka, nikaona yule bwana mkubwa ameukumbatia mwiko kifuani, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu kwa kweli akalia, na mama yake akampapasa mpaka akapata kichwa, akakizaba kofi dogo. Nami niliwapenda wote wawili kuliko ninavyoweza kueleza.

"Na macho sasa, mama?" akauliza alipotulia.

"Macho nitayafuata hospitali. Nitalala kwako, nitautazama ukuta wako. Wakimtoa huyu mtoto, unanirudisha kwangu."

"Nitakurudisha."

Akaurudisha mwiko mfukoni, akafunga vifungo vyote, akautundika msumarini na kuunyoosha ukae sawa. Kisha tukatoka. Mjumbe wetu alikuwa bado langoni, kamba ya kiatu haijafungika.

"Naona hukuichukua ile kitu, mwanangu," akasema. "Maana mama yako na macho yale..."

Wakandarasi si watu wa kukosa uongo, na huyu nilimwona ameshafungua mdomo. Lakini aligeuka kidogo, akalitazama dirisha la mama yake.

"Nimeiacha, mzee," akasema kwa sauti ya kutosha kufika mwaloni. "Humo ndani ni mwiko."

Mzee akavua kofia. Akasema ni kweli, ni kweli, silaha si mchezo, akaaga, na badala ya kukata kupitia kando ya zizi kama alivyokuja, akashika njia ndefu ya kuzunguka mawe. Tukamtazama mpaka akapotea. Kutoka ndani nikamsikia Mkunga akiagiza chai.